Mlioajiriwa vyuo vikuu Marekani na Uingereza: mliwakusanyaje weusi wenzenu kazini? Tupeane uzoefu

Mzaramo wa Ohio (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Niko Ohio, kitengo cha teknolojia cha chuo kikuu kimoja. Katika kitengo chetu mweusi ni mimi tu. Sisemi wananionea, la hasha. Ila mwaka unakatika huna hata mtu wa kumuuliza kinyozi yuko wapi, na hapo unachoka kwa namna ambayo nyumbani hawakuelewi. Chama cha wafanyakazi weusi kipo kwenye tovuti ya chuo, lakini picha yake ya mwisho ni ya kabla ya korona. Nataka kukifufua au kuanza upya. Mliopitia haya, tiririkeni: kipi kilishika, kipi kilikufa? Wale wa "si urudi nyumbani", leo mtusamehe.

Mkwere Mtulivu

Nimekaa paleee 🪑

Kilwa Masoko

Mkuu, mimi niko Texas, chuo cha umma. Chama chetu kilikuwa na maisha mazuri kweli. Ofisi ya usawa na ujumuishi ilitulipia ukumbi, chakula, mpaka fulana. Januari 1, 2024 sheria ya jimbo, ile SB 17, ikaanza kutumika na ofisi za namna hiyo kwenye vyuo vya umma zikafungwa. Chama nacho kikaondoka nazo: ukumbi hakuna, orodha ya barua pepe imezimwa, na wengi hatukuwa na namba za simu za wenzetu. Utah nao walipitisha ya kwao, ikaanza Julai mwaka huohuo.

Waliobaki sasa tunakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwenye mgahawa wa mama mmoja mtu wa Louisiana, kila mtu anajilipia sahani yake. Tumepungua sana, lakini anayekuja amekuja kwa hiari yake, hakufuata pilau ya bure. Kusanya namba binafsi siku ya kwanza kabisa. Hela ya chuo ikija mle, ila msiitegemee.

Mama wa Bukavu

Ndugu zangu, nyinyi mnaongea ya ofisini. Mimi niko Kentucky, ninasafisha maabara, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukipita majengo yetu usiku utadhani chuo ni cha weusi: Wakongo, Wasomali, Waamerika weusi, Wahaiti. Mchana hutuoni. Na chama cha weusi wa ofisini kilikuwa kinakutana Alhamisi saa saba mchana, mimi niko kitandani. Matangazo yanatumwa kwa barua pepe ya kazi, na mimi hiyo naifungua kuangalia masaa yangu ya malipo tu, basi.

Akaja dada mmoja Mwamerika mweusi wa ofisi ya mishahara. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye kile chumba tunachowekea matoroli, kabeba kahawa na donati na daftari la shule la mistari. Hakutoa hotuba. Aliuliza jina, shifti, na "una swali gani ambalo hakuna mtu amekujibu?" Akaandika yote. Wiki iliyofuata alirudi na majibu, kila mtu na lake.

Hapo ndipo nikajua kwamba mwajiriwa wa chuo anaruhusiwa kusoma bila kulipa ada, masomo kadhaa kila muhula. Miaka yote ninapiga deki darasa ambalo nina haki ya kukaa ndani yake! Sasa ninasoma uhasibu, wawili wa shifti yetu wanasoma Kiingereza. Ukitaka chama chako kiishi, kwanza waulize watu wanaingia kazini saa ngapi.

Mhasibu Mstaafu

Mama wa Bukavu, hongera sana. Nyongeza kwa wote: ada unayosamehewa kwa masomo ya shahada ya kwanza kwa kawaida haikatwi kodi ya serikali kuu. Kwa shahada za juu, inayosalimika ni mpaka dola 5,250 kwa mwaka, zaidi ya hapo inaweza kuhesabiwa kama mshahara. Na angalieni hundi yenu imeandikwa jina la nani. Aliyeajiriwa na kampuni ya kandarasi kwa kawaida hapati huo msamaha hata akifagia jengo lilelile.

Bila Jazba

Wazungu wakikutana wenyewe mngesema ubaguzi.

Kilwa Masoko

@Bila Jazba huo wao upo kila Jumatatu mkuu, unaitwa kikao cha idara.

Binti Mwinyi

😂😂

Mimi niko Uingereza, kaskazini. Huku mwezi wa historia ya weusi ni Oktoba, si Februari kama kwenu Marekani. Ikifika Oktoba simu haitulii: njoo ucheze ngoma, njoo upigwe picha, utuletee na sambusa. Novemba hakuna anayekujua. Tukakubaliana kwamba shughuli za Oktoba chuo kifanye chenyewe, sisi nguvu tunaweka kwenye kupanda vyeo, maana nchi hii katika maprofesa 100 mweusi ni kama mmoja tu.

Kabla ya dirisha la maombi ya kupanda cheo kufungwa tunakaa watano sita chumba kimoja, fomu ya mtu iko kwenye skrini, tunaisoma mstari kwa mstari. Fomu za Waafrika zina ugonjwa mmoja: "tulifanya, tulianzisha, tulipata ruzuku." Dada, nani alikesha akiandika hiyo ruzuku? Basi andika "niliandika". Kuna watu wanaona aibu mpaka wanatoka nje kunywa maji. Lakini wamepanda.

Kinondoni Georgia

Jambo tusilopenda kulisema: Waafrika huwa tunajitenga na Waamerika weusi, tunaona mambo yao hayatuhusu. Nilialikwa Kwanzaa, sherehe ya Waamerika weusi, Desemba 26. Mzee mmoja wa idara ya usafirishaji akanisalimu "Habari gani?" nikamjibu "Nzuri, shikamoo mzee." Ukumbi ukaangua kicheko, kumbe kila siku ya sherehe ina neno lake la kujibu, na siku ile jibu ni "Umoja". Sherehe hiyo msomi Mwamerika mweusi Maulana Karenga aliianzisha 1966, na ni ya kwao kweli, tusiwasahihishe. Yule mzee ndiye aliyenieleza mgomo wa wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, California, wa 1968 hadi 1969, na jinsi masomo ya weusi yalivyoingia vyuoni. Nafasi tunazokalia kuna watu walipigwa virungu kwa ajili yake.

Mzaramo wa Ohio

Nashukuru wakuu, nasoma na kuandika pembeni. Swali: tuna mkuu wa kitivo mweusi. Nimwombe awe mwenyekiti?

Binti Mwinyi

Thubutu! Mwalike chakulani, akae kama wengine. Ukimpa kiti, hakuna atakayethubutu kusema meneja wake anamsumbua, maana huenda wanakula pamoja. Mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya kati anayejua kufuatilia mambo.

Mama wa Bukavu

Na vikao viwe viwili, cha mchana na cha alfajiri. Cha alfajiri yeye mkuu wa kitivo ndiye alete donati.