Wageni hawapati IP baada ya kuweka ACL kwenye swichi

nyaya_na_poti: Wakuu, naomba msaada. Swichi ni Cisco Catalyst inayofanya rauti. Nimegawa VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja): wafanyakazi wako VLAN 10 (192.168.10.0/24), wageni VLAN 30 (192.168.30.0/24). DHCP (inayogawa IP) na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP) ziko seva moja, 192.168.10.5. Nataka wageni watoke intaneti tu, ndiyo nimeweka ACL hii (orodha ya ruhusa na makatazo ya pakiti):

```
ip access-list extended WAGENI
 10 deny ip 192.168.30.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255
 20 permit ip 192.168.30.0 0.0.0.255 any
interface vlan 30
 ip access-group WAGENI in
```

Simu mpya hazipati IP kabisa. Zilizokuwa nayo zina-ping 8.8.8.8, ila tovuti hazifunguki.

mzee_wa_rauti: Mkuu, `in` (kukagua pakiti zinazoingia swichi kutoka VLAN 30) ni sahihi, usiiguse. Simu isiyo na IP huomba DHCP kwa anwani 0.0.0.0. Mstari wa 20 unaruhusu 192.168.30.x peke yake, basi ombi linaangukia kwenye katazo la mwisho, ambalo huliandiki lakini lipo siku zote. Tovuti nazo zinakwama kwa sababu mstari wa 10 umefunga DNS.

Usifute orodha, ingiza juu yake:

```
 5 permit udp any eq bootpc any eq bootps
 6 permit udp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq domain
 7 permit tcp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq domain
```

Namba ni lazima. Bila namba mistari inakaa chini ya 20, na swichi husoma kuanzia juu ikaishia kwenye mstari wa kwanza unaolingana.

tanga_net: Naongezea. Mstari wa 5 usiubane kwa 255.255.255.255 (anwani ya kutangazia wote). Simu zitapata IP, kisha zitakwama kuihuisha (kuiongezea muda), maana ombi la kuhuisha huenda moja kwa moja kwa 192.168.10.5.

Kabla ya kuanza piga `reload in 10` (swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10), na usihifadhi. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa. Ifanye baada ya saa za kazi. Mambo yakikaa sawa, `reload cancel`, kisha `write memory` ili kuhifadhi.

nyaya_na_poti: Imekubali, asanteni sana! Ila wageni bado wanaonana wao kwa wao. Niongeze deny?

mzee_wa_rauti: Haitasaidia. Pakiti za ndani ya VLAN moja hazipiti `interface vlan 30`. Weka `switchport protected` kwenye poti zao, ili poti hizo zisiongee zenyewe kwa zenyewe. Walio kwenye Wi-Fi watenganishe kwenye access point yenyewe.

La haraka zaidi ni hili: mstari wa 20 bado unawaruhusu wageni kufika 192.168.30.1, yaani swichi yenyewe. Wafungie SSH (njia ya kuingia kwenye swichi kwa mbali) leo hii:

```
access-list 10 permit 192.168.10.0 0.0.0.255
line vty 0 15
 access-class 10 in
```