Mama ana baridi yabisi, dona na maharage vinapunguza uvimbe kweli?

binti_mbagala: Shikamooni wakubwa, naombeni msaada. Mama ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, huu mwaka wa tatu, asubuhi vidole vinakaza hata kikombe cha chai hashiki. Anatumia vidonge vya hospitali. Sasa jirani kamwambia aache sembe ale dona na maharage, eti faiba, yaani nyuzinyuzi za chakula, inazima uvimbe na dawa ataachana nazo. Ni kweli hii?

nesi_mtaani: Dawa asiache mdogo wangu, nakuomba sana. Jirani kasema nusu tu. Faiba haisagiki tumboni, inashuka hadi utumbo mpana, huko bakteria wazuri wanaila wanatoa asidi kama byutireti na hizo ndo zinatuliza kinga isiwake ovyo, ndo maana wanaokula faiba nyingi mara nyingi kipimo cha CRP, kile cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kinakuwa chini. Ila kutuliza sio kutibu, ugonjwa huu bila dawa unakula mfupa, na vidole vikishapinda havirudi. WHO mwaka 2023 walisema mtu mzima apate angalau gramu 25 za faiba kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni zaidi ya gramu 10, kwahiyo sio mbali.

mzee_temeke: Mi langu goti, la kusagika, sio la kinga. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, waliokula faiba nyingi hawakupata sana maumivu ya goti kama wenzao. Nikakimbilia dona, kunde, matembele, vyote siku moja, usiku kucha tumbo limejaa gesi silali. Aanze kidogo kidogo mwanangu, aongeze kila wiki, na maji anywe ya kutosha maana faiba bila maji inafunga choo. Dona mnunue kilo mbili mbili mashineni, haikai kama sembe, inawahi kuwa chungu.

mama_wawili: Sio lazima dona jamani, mapera, mchicha, viazi vitamu na maganda yake, vyote faiba.

binti_mbagala: Asanteni mno. Nimemsomea mama yote, vidonge kasema anaendelea navyo, nimeshukuru Mungu maana wiki hii alisharuka dozi. Dona anasema inamkwaruza koo. Kesho namuanzishia mbaazi za nazi, hizo hajawahi kukataa.