Fainali za konferensi za hoki ya vyuo Marekani zirudishwe uwanja huru, hiki kinachoendelea ni uonevu mtupu

Wakuu salaam. Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga na hoki ya barafu hamna habari nayo, lakini tuliopo huku Minnesota tupo wengi na watoto wetu wanasoma vyuo vya huku, kwahiyo naomba mods msiufute huu uzi wala kuupeleka jukwaa la mchanganyiko. Nina hasira na nataka niseme yote.

Kwa asiyejua, hoki ya vyuo wanaume ina konferensi sita, yani ligi za kanda. Mwisho wa msimu mwezi wa tatu kila konferensi inafanya mashindano yake ya mtoano, bingwa anapata tiketi ya moja kwa moja kwenda mashindano ya taifa yenye timu 16. Nafasi zingine 10 zinatolewa kwa hesabu za msimu mzima. Sasa kama timu yako hesabu haziiruhusu, njia iliyobaki ni moja tu, chukua kombe la konferensi, la sivyo kachukueni begi mrudi nyumbani. Ndo maana hii wikiendi ina uzito kuliko watu wanavyofikiria.

Binti yangu anasoma St. Cloud State, yeye ndo alinivuta kwenye huu mchezo, na St. Cloud ipo konferensi inaitwa NCHC. Tangu 2014 fainali zake zilikuwa zinachezwa Minneapolis, halafu 2018 zikahamia Saint Paul kwenye ule uwanja wa Minnesota Wild, timu ya NHL ile ligi ya kulipwa, watu karibu 18,000 wanaingia. Wakaita Frozen Faceoff. Timu nne, nusu fainali Ijumaa, fainali Jumamosi, mji mmoja. Na kabla ya hapo ilikuwepo Final Five, fainali za konferensi ya zamani ya WCHA, wazee wa huku ukiwauliza wanaizungumzia mpaka unaona kabisa walikuwa wanaishi kwa ajili ya ile wiki, mpaka 2013 Big Ten, muungano wa vyuo vikubwa, ilipoanzisha ligi yake ya hoki na NCHC nayo ikatoka, WCHA ikabaki jina tu.

Basi. Kuanzia 2026 NCHC wamefuta Saint Paul. Robo fainali mshindi wa mechi mbili kati ya tatu, halafu nusu fainali mechi moja, fainali mechi moja, ZOTE zinachezwa nyumbani kwa aliyemaliza juu zaidi kwenye msimamo. Fainali nyumbani kwa mtu! Mechi moja, hakuna marudiano, kombe liko mezani na mmoja amelala kitandani kwake usiku wa jana na mwenzake katoka kwenye basi au ndege.

Hata TFF pamoja na lawama zote tunazowatupia, 2021 fainali ya kombe la FA walipeleka Simba na Yanga mpaka Kigoma, Lake Tanganyika, watu wakasafiri, na Simba akashinda moja bila na hakuna aliyesema alibebwa na uwanja. Huku kwenye hela zote hizi wameshindwa nini?

Najua jibu lao, nimelisikia sana. Eti aliyemaliza juu apewe zawadi yake kwa kazi ya msimu mzima. Zawadi alishapewa jamani. Robo fainali yote anacheza kwake. Na hata kule Saint Paul aliyemaliza juu alikuwa anahesabiwa ndo mwenyeji, maana yake kocha wake anabadilisha wachezaji akiwa wa mwisho kila mchezo unaposimama, anamuona mwenzake kaweka kikosi gani barafuni ndo na yeye anaweka wa kumkaba. Kwenye hoki hiyo ni faida kubwa sana, ukikaa nyuma ya mabenchi unaiona kwa macho, kocha mgeni anatuma watano wake na mwenyeji anasubiri tu, anachungulia, halafu anampigia bega beki wake bora nenda. Sasa juu ya hiyo unamuongezea na nyumba, na mashabiki wote, na barafu anayoijua kila kona inavyorudisha.

Na barafu si moja, hili watu hawalisemi kabisa. Uwanja wetu wa St. Cloud ulijengwa kwa kipimo cha Olimpiki, upana futi 100, wakati wa kawaida huku ni futi 85. Mgeni akija anakimbia mpaka mapafu yanawaka. Denver wako mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Colorado Springs wanapocheza Colorado College ni juu zaidi ya hapo, ukienda kule kucheza dakika 60 na nyongeza bila kuzoea hewa, kipindi cha tatu miguu inakataa. Haya yote msimu wa kawaida ni sawa, kila mtu anaenda na wewe unamsubiri kwako. Lakini fainali ya mechi moja? Nasema hivi hata pale ambapo inatufaa sisi, siutaki ubingwa wa namna hiyo.

Angalieni 2023. Colorado College hakuna mtu aliyewapa nafasi, wakaja Saint Paul nusu fainali wakamkuta Denver ambaye ndo alikuwa bingwa wa taifa wa 2022, wakampiga moja bila. Moja bila! Sisi tukawafunga fainali tatu bila, sawa, lakini wale vijana walicheza fainali kwa sababu walikutana na Denver sehemu ambayo si kwa Denver. Kwa mfumo wa sasa ile mechi ingechezwa Denver mbele ya watu wa Denver.

Halafu mkumbuke kilichotokea 2022 kwenye konferensi nyingine, CCHA, wao ndo wanafanya fainali nyumbani kwa aliye juu. Minnesota State anacheza na Bemidji State kwake pale Mankato, moja moja, muda wa nyongeza. Mankato wanafunga, waamuzi wanahakiki, goli. Uwanja unalipuka, kombe linatolewa, Mason Cup, watu wanapiga picha. Baadae sana ndo inaonekana kwenye video kwamba ile puki, kile kisahani wanachopiga, haikupita mbele ya goli, ilipenya chini ya fremu kwa ubavuni. Zaidi ya saa nzima imepita! Timu zote zikaitwa zirudi zivae upya, mechi ikaendelea, Jack McNeely akafunga, Mankato wakashinda mbili moja kwa mara ya pili usiku huo huo. Simsemi mwamuzi, kurudisha mechi ilikuwa haki na walifanya jambo gumu. Ninachosema mimi muwafikirie wale vijana wa Bemidji. Mankato tayari alikuwa na uhakika wa kwenda taifa hata akifungwa, Bemidji hana njia nyingine zaidi ya ile mechi. Ameshaangalia mwenzake anabeba kombe, amekaa chumba cha wageni msimu umekufa, anaambiwa vaa tena, toka nje, na nje kule kuna uwanja mzima wa watu ambao wameshasherehekea na wanataka washerehekee tena. Ingekuwa uwanja huru angalau nusu ya zile kelele zingekuwa zake.

Na msiniletee ya Michigan. Najua Michigan alienda Minneapolis 2022 na 2023 akamfunga Minnesota fainali ya Big Ten kwake mara zote mbili, nne tatu na nne tatu. Hiyo inaonyesha Michigan walikuwa na timu kali, haionyeshi kwamba mfumo ni wa haki. Mtu kuvuka barabara amefunga macho akafika haimaanishi watu wote wafunge macho.

Sasa tuje kwa sisi mashabiki maana hapa ndo pananiuma zaidi. Zamani unajua mwaka mzima kabla, mwezi wa tatu wikiendi ile niko Saint Paul. Unaomba likizo kazini mapema, unakata tiketi mapema, hata timu yako isipofika unaenda tu. Unashuka kwenye treni unakuta jezi za kijani za North Dakota zimejaa West Seventh, wa Duluth wana zao, Denver, Omaha, bendi za matarumbeta za vyuo zinapigiana ndani ya uwanja, na ng'ambo pale kuna sanamu ya Herb Brooks, kocha wa Marekani Olimpiki ya 1980, watu wanapiga picha na watoto. Mnabishana na mtu wa Grand Forks kwenye foleni ya chakula mnamaliza mmekuwa marafiki. Sasa hivi unamaliza nusu fainali Jumamosi usiku ndo unajua fainali iko wapi, una wiki moja. Inaweza kuwa Kalamazoo, inaweza kuwa Tempe kule Arizona. Mtu anayefanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee kama wengi wetu huku, nani anakupa off ya ghafla hivyo, na ndege ya wiki moja kabla bei yake mnaijua wenyewe.

Na tiketi je? Nilishawahi kujaribu kufuata timu ugenini kwenye mtoano, chuo chenyewe sikitaji. Nikapiga simu ofisi ya tiketi, dada akaniambia kwa upole kabisa wenye tiketi za msimu wanachagua kwanza, wanafunzi wao wanafuata, wageni mtapewa kitakachobaki. Kilichobaki kilikuwa kona ya juu nyuma ya goli, nguzo inakata nusu ya barafu, mimi na binti yangu na familia chache za wachezaji tumebanwa pale. Mzazi wa mchezaji wa fainali anaangalia mwanae kwa kunyoosha shingo! Viwanja vingine vya vyuo vinaingiza watu 4,000 au 5,000 tu, sasa mgeni atapata ngapi.

Wanasema Saint Paul viti vya juu vilikuwa vinabaki vitupu. Ni kweli, vilikuwepo mechi zingine. Basi shusheni bei, tafuteni uwanja wa watu 10,000, hamieni Sioux Falls au Omaha mwaka huu na mwakani kwingine, kuna njia nyingi kabla ya kulitupa jambo lote. Konferensi za mashariki je? Hockey East wako Boston TD Garden, ECAC wanaenda Lake Placid kwenye barafu ile ile Marekani ilipomfunga Msovieti Olimpiki ya 1980, na mchezaji wa Cornell au Clarkson akicheza pale atasimulia mpaka wajukuu. Mwaka 2025 Western Michigan alimfunga Denver Saint Paul nne tatu kwenye nyongeza ya pili, kombe lake la kwanza la fainali za NCHC, halafu akaenda kuchukua na la taifa. Hiyo ndo fainali ya mwisho waliyoipa Saint Paul. Mechi kama ile unaiangalia halafu unasema huu mfumo haufai, tuuondoe?

Walioko Omaha, Denver, Fargo na Grand Forks, na wote wenye watoto kwenye vyuo vya NCHC, naombeni tuandike kwa wakurugenzi wa michezo wa hivyo vyuo, maana wao ndo wanaopiga kura, ofisi ya konferensi inatekeleza tu. Mimi nimeshaandika ya kwangu kwa St. Cloud. Mwenye anwani za vyuo vingine aweke hapa chini, na kama kuna mtu ana mtoto anayecheza kabisa ajitokeze, barua ya mzazi wa mchezaji wataisoma haraka kuliko yangu.