Tupeane uzoefu: kazi za jeshini zisizo za mstari wa mbele (wa Kigoma na Tabora karibuni)

Mwakeye wana Kigoma, mwangaluka wana Unyanyembe.

Mdogo wangu wa kike ana diploma ya uuguzi, yupo hapa Mwanga anauza vocha akisubiri ajira. Akitaja jeshi tu, mama anashika kichwa: "Uende ukapigwe risasi Kongo?" Nimemwambia jeshini kuna wauguzi, mafundi, wahasibu, hata wapiga tarumbeta. Hataki kusikia. Mliopo na mliostaafu, semeni. Siri za kambi sizitaki, nataka maisha tu.

Nesi wa Isevya:
Dada, mwambie mama kwanza hakuna anayeingia jeshini akiwa nesi. Unaingia kuruta. Mimi nilianzia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kambi ya Bulombora, hapo hapo kwenu Kigoma. Nilinyolewa kipara siku ya kwanza, cheti changu cha uuguzi kikalala chini ya begi kama karatasi ya kufungia maandazi. Filimbi kabla ya alfajiri, mchakamchaka, kwata, fatiki (kazi za mikono), halafu shamba la michikichi. Nilijua kupalilia michikichi kabla ya kujua wodi ya jeshi inafananaje.

Wodi yenyewe ilikuja baadaye sana, baada ya kuchukuliwa JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi, na kumaliza mafunzo. Kazi ni ile ile ya uraiani: malaria, presha, wajawazito, watoto wa askari, na raia wa mtaani nao wanatibiwa. Tofauti ni vyeo. Niliwahi kupangiwa kumchoma sindano kanali, mimi praiveti. Nikakaza mwili, nikampa heshima yake, "Jambo afande!" Halafu kwa sauti ile ile nikasema: "Afande, naomba ushushe suruali kidogo." Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo. Ukiingia wodini mgonjwa ni mgonjwa, ila mkono lazima utetemeke mara ya kwanza.

Spana 14:
Mimi fundi magari, mtoto wa Ujiji, nilisoma chuo cha ufundi VETA. Nilikwenda Afrika ya Kati kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Wenzangu doria, mimi chini ya gari. Vumbi la kule linaziba filta ya hewa ndani ya siku mbili, unaigonga kwenye tairi inatoa unga kama wa muhogo.

Ila tusimdanganye mama. Msafara ukikwama porini anayeshuka kwanza ni fundi. Wengine wanalala kifudifudi na bunduki wakilinda, wewe umeingiza kichwa kwenye boneti na mgongo uko wazi. Bunduki yangu niliifunga kamba nikaiweka mahali mkono unafika. Fundi wa jeshi ni askari mwenye spana, basi.

Mwana wa Sikonge:
Msimpambie. Mimi nilikuwa na diploma ya kompyuta, nikalinda geti miezi minane. Huchagui, unapangwa.

Nesi wa Isevya:
Kweli kaka, hata mimi nililinda geti. Ila walipohitaji watu wa afya waliangalia vyeti. Aende na vyeti halisi, nakala zake azigongeshe mhuri mapema.

Mzee wa Ng'ambo:
Wanangu, mimi nilipita JKT enzi zile za mujibu wa sheria, yaani kwenda kwa lazima, kabla haijasitishwa 1994 (ilirudi 2013, nyie ndio mnaijua hiyo). Nikaishia bendi. Watu hudhani bendi ni starehe. Gwaride la sikukuu unasimama juani kwa muda wa saa tatu, mdomo umevimba kwa tarumbeta, jasho linaingia jichoni na huruhusiwi kulifuta. Wenzako wakipewa "legeza", ninyi ndiyo mnapiga.

Lakini nilistaafu mzima, na hadi leo nafundisha vijana wa kanisani kusoma noti.

Mpishi Mstaafu:
Sufuria la watu mia tano unalikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia la mtumbwi. Mgongo wangu unajua. Ugali ukiwa mbichi utasikia kutoka kwa kombania nzima.

Kijana wa Kasulu:
Angalizo. Kuna mtu alinikalisha kwenye kijiwe cha kahawa akasema ana "nafasi" ya jeshi, nimpe laki nne. Nilimpa. Mbuzi wawili wa baba walikwenda hapo. Nafasi hutangazwa bure. JKT nao husema wazi kwamba hawatoi ajira, ukijitolea miaka miwili unaweza kurudi nyumbani. Na tangazo la JWTZ lisome lote: umri una kikomo.

Mleta mada:
Asanteni wote. Nimemsomea mama usiku huu, umeme umekatika, natumia mwanga wa simu. La msafara limemnyamazisha kidogo. Kisha ameuliza swali moja tu: huyo kanali, alikubali?

Nesi wa Isevya:
Alikubali. Alifumba macho, akaniuliza nimemaliza kabla sijaanza.