Herbie Hancock aliisaliti jazz? Mi nasema hapana, karibuni tujadili

Wadau, kuna hoja naikuta kila jazz ikitajwa, eti Herbie Hancock alikuwa mpiga piano wa maana alipokuwa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis tu, baada ya hapo akaitupa jazz akakimbilia hela za funk na disko. Mi sikubali hata kidogo.

Kwanza kinanda cha umeme aliwekewa na Miles mwenyewe studio, 1968, Fender Rhodes, na jamaa chuoni alianzia uhandisi wa umeme kabla hajahamia muziki, sasa mtu wa hivyo mlitegemea asiguse mitambo? Na piano aliiweza tangu utoto, akiwa na miaka 11 alishapiga Mozart na okestra kubwa ya Chicago.

Haya, hela. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa na ile bendi ambayo wote walijipa majina ya Kiswahili, yeye Mwandishi, Billy Hart Jabali, Buster Williams Mchezaji, Eddie Henderson Mganga (na huyu ni daktari kweli). Muziki mgumu, vipande virefu, soko hakuna, na bado akawa anaibeba bendi kwa mirabaha ya nyimbo zake za nyuma. Mwenye njaa ya hela anafanya hivyo? Albamu yake ya funk, Head Hunters, iliyouza zaidi ya nakala milioni imekuja baadaye, 1973.

Hebu sikilizeni wimbo wake Watermelon Man, matoleo yote mawili. Ya 1962 ina Freddie Hubbard kwenye tarumbeta na Dexter Gordon kwenye saksafoni, aliitunga akikumbuka muuza matikiti wa mtaani kwao Chicago. Ya 1973, ya kwenye Head Hunters, inaanza mpiga ngoma Bill Summers anapuliza chupa ya bia, anaiga filimbi za Babenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, halafu besi inaingia taratibu na wewe bado unasubiri wimbo uanze, ukija kushtuka ni melodi ile ile ya 1962 imepunguzwa mwendo. Huyo kaacha nini hapo?

Zile albamu za disko za mwisho wa miaka ya 70 sizitetei zote, kuna ambazo hazina chumvi. Ila miaka hiyo hiyo alikuwa anazunguka na bendi ya jazz ya V.S.O.P., piano ya kawaida, pamoja na Ron Carter, Tony Williams na Wayne Shorter, wenzake wale wale wa kwa Miles.

Kwa hiyo mnaosema alisaliti, nitajieni mwaka na albamu alipoiacha jazz, maana 1983 anatoa wimbo Rockit na skrachi zake (zile sauti za DJ kukwaruza sahani ya santuri), halafu 2008 anabeba Grammy ya albamu ya mwaka na albamu ya jazz.