Boti gani kwa mto Tana: kuvua Jumamosi, maporomoko Jumapili?

MshipiThika
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Niko Thika. Mwaka wa nne huu navua nikiwa ukingoni mwa Tana, upande wa Sagana, na kila siku samaki wa maana wako ng'ambo ile nisikofika. Sasa nataka chombo changu. Jumamosi nivue kwenye vidimbwi vilivyotulia, Jumapili nishuke na mke wangu ile mikondo yenye daraja la ukali la 2 na la 3 ambayo wageni hulipa kupitishwa.

Gari ni Probox, trela sina. Bajeti ni laki mbili za Kenya, mtumba si neno. Ninavyo vitatu akilini: kayaki ya plastiki ya kukalia juu, ile yenye vishikio vya fimbo, boti ya mpira ya kupuliza, mita nne hivi, au boti bapa ya alumini nifunge injini ndogo. Mngechukua ipi?

KafiMbili
Nimepitisha watu hapo Sagana misimu kadhaa. Alumini itoe leo hii. Ikibanwa ubavuni kwenye mwamba, upande wa juu wa mkondo unazama, maji yanajaa, na inajikunja kuzunguka jiwe kama karatasi ya mandazi. Hata mkiwa wanaume wanne hamuivuti. Injini nayo, propela haimalizi siku kwenye mawe yale.

Kayaki ya kuvulia ni tamu kwenye dimbwi. Ni pana, imetulia, wengine husimama juu yake wakarusha ndoano. Lakini upana na urefu huohuo ndio unaoinyima kugeuka upesi, na huna mahali pa kubana mapaja ili uiinue ikilala. Ikipinduka wewe utaogelea ukingoni, fimbo zako zitakwenda bwawa la Masinga huko chini bila wewe.

Kwa hiyo boti ya mpira. Ila iwe ya sakafu inayojimwaga maji yenyewe, yenye matundu pembezoni. Ile ya sakafu ya kawaida ikipigwa wimbi moja ni beseni, na beseni lililojaa halisikii kafi.

UpondoWaKilombero
Wakuu, mbona mtumbwi hamuutaji kabisa? Huku Ifakara tumekulia humo. Gogo moja, upondo mmoja, unapita kwenye matete ambako boti yako ya mpira ingechomwa tundu kabla hujaona perege hata mmoja. Hauna kelele, samaki kama kitoga hashtuki.

Nakubali jambo moja: mtumbwi si wa mawe. Ukigonga mwamba kwa kasi unapasuka kufuata nyuzi za mti, basi. Na mkuu, usisahau kiboko. Sisi tukipita tunagonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo ili ajue tupo, na hatukai kati yake na maji ya kina. Ukishuka kuelekea Masinga utawakuta yeye na mamba, na huko mpira haukusaidii chochote.

FundiViraka_Msa
Ndugu yangu MshipiThika, mimi kazi yangu ni kuziba haya madude hapa Mombasa. Usinunue kwa kuangalia rangi, uliza kitambaa. Zipo za PVC, yaani plastiki, na zipo za haipaloni, aina ya mpira. PVC ni rahisi, ni nyepesi kidogo, lakini jua la miaka huikausha na mishono ikaanza kuachia. Haipaloni huvumilia jua na hukunjika vizuri kwenye buti la gari, bei yake ndiyo inayouma. Gundi zake ni tofauti. Kila mwezi naletewa boti ya haipaloni iliyobandikwa kiraka kwa gundi ya PVC, na mwenyewe anashangaa kimebanduka majini.

Watu huogopa ndoano. Ndoano mara nyingi huteleza tu kwenye mpira mnene. Wauaji wawili ninaowajua ni mwiba wa kambale, ule wa kwenye pezi la ubavuni, na mchanga unaoingia kati ya sakafu na mirija ukasaga kidogo kidogo. Suuza kila ukitoka.

Na hewa: ukiijaza kikiki ukingoni saa sita ya jua, hewa inapanuka, mshono unalia. Ukiitia majini inapoa na kulegea. Iongeze pumzi ikiwa tayari iko majini.

MshipiThika
Asanteni sana. KafiMbili, hiyo sakafu ya matundu, si nitakaa na miguu majini kutwa nzima nikivua?

KafiMbili
Miguu italowa, ndiyo. Vaa viatu vya maji, chambo na chakula viweke kwenye kreti iliyofungwa juu. Kuna kubwa kuliko hilo: nanga. Wavuvi wengi huifunga popote. Usitie nanga kwenye mkondo wa kasi, hasa kutoka ubavuni au tezi, yaani nyuma ya boti. Maji huivuta chini ile ncha na boti inazama ukitazama. Tia kwenye dimbwi tu, na kisu kiwe kwenye jaketi la kuokoa maisha, si ndani ya mkoba.

MalabaJinja
Mimi napingana kidogo na KafiMbili. Watu wawili kwenye boti ya mita nne mtachoka. Bila fremu na makasia marefu, mkondo ndio utakaowaendesha. Tena imejaa hewa haikai juu ya Probox, itabidi muijaze na kuitoa kila safari, na ikiwa imelowa ni mzigo wa watu wawili wazima.

Huku Jinja, Uganda, kwenye mto Nile, kabla bwawa la Bujagali halijajazwa maji mwaka 2011 na kufunika maporomoko tuliyoyazoea, nilishuka na kayaki ya kupuliza ya viti viwili. Inajimwaga, inageuka, inaingia kwenye mfuko mmoja. Unavua nayo ukiwa umekaa. Samaki mkubwa atakuzungusha, lakini huo si ndio utamu?

KafiMbili
Kwa daraja la 2 na la 3, nakubali, hiyo yatosha. Lakini Aprili na Novemba Tana ikigeuka kahawia, maporomoko yaleyale yanapanda daraja. Msishuke peke yenu, muwe na chombo cha pili, helmeti na kamba ya kutupa. Mke wako anajua kuogelea kwenye mkondo?

MshipiThika
Kunishinda mimi. 😅 Basi nimehamia kayaki ya kupuliza ya viti viwili. Kuna mtu Nairobi anauza moja ya PVC, anasema "imetumika mara mbili tu."

FundiViraka_Msa
Zote zimetumika mara mbili tu. Mwambie aipulize, pakeni povu la sabuni kwenye mishono na vali, kisha ilale kivulini hadi kesho yake. Akianza kusema ana haraka, panda Probox yako urudi Thika.