MREJESHO: Pensheni ya mama, mjane wa askari, imepatikana (ila si yote)

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kuhusu mama yangu aliyenyimwa pensheni ya mjane kwa sababu jina la marehemu baba kwenye cheti cha kutoka jeshini halikufanana na la cheti cha ndoa. Herufi moja tu, pamoja na jina la babu lililorukwa.

Nashukuru sana mlionijibu. Nilifuata ushauri wa aliyesema nisianze na barua ya malalamiko, nianze na kiapo. Mama aliapa mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kisha tukaomba nakala ya kumbukumbu za utumishi kwa kutumia namba ya jeshi ya baba. Namba hiyo tuliipata nyuma ya picha yake ya zamani, ameiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Namba ndiyo iliyotuokoa, maana jina linaweza kukosewa.

Pensheni imeanza kuingia. Malimbikizo wamelipa kuanzia tarehe ya maombi, si tarehe ya msiba, kwa hiyo anayesubiri arobaini iishe ndipo aombe, tafadhali asisubiri.

Dai letu la pili, la ulemavu wa masikio alioupata baba, limekataliwa. Hatukuwa na karatasi ya daktari inayohusisha uziwi wake na milio ya mizinga jeshini. Tumekata rufaa, na askari mwenzake wa kikosi kimoja amekubali kutuandikia ushahidi.

Mama anawasalimu, anasema Mungu awabariki.